Mhariri, hizo taa za kijani mwezi wa saba hazionekani

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na huwa siandikagi barua, nasoma kurasa za mbele afu narukia michezo basi, ila ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi umenishinda kunyamaza. Mmeweka picha kubwa ya zile taa za kaskazini, aurora, anga la kijani juu ya Nordkapp kule ncha ya kaskazini ya Norwe, chini yake mkaandika Julai ndo mwezi mzuri wa kwenda Norwe, halafu pembeni mkaweka ratiba ya siku nane: Oslo, Bergen, Geiranger, Lofoten, Tromsø, Nordkapp, na kurudi Oslo. Nilicheka peke yangu. Haikupita hata dakika kumi simu ikalia, wifi yangu kanitumia ukurasa huo huo kwa WhatsApp, kaandika "Wifi umeona? Tunaenda na watoto mwezi wa saba shule zikifungwa, kaka yako keshakubali, tukaone zile taa." Kicheko kikakata hapo hapo.

Maana hilo kosa mwenzenu nimeshalifanya, tena kwa pesa yangu.

Mara ya kwanza kwenda Norwe nilinunua kifurushi kwa wakala mmoja wa safari, jina nalihifadhi, kwenye karatasi yake kulikuwa na picha kama yenu vile vile na tarehe tulizokubaliana ni katikati ya mwezi wa sita kwa sababu likizo yangu iliangukia hapo. Mi sikuuliza na yeye hakuniambia. Nikatua Tromsø na makoti mawili, kofia ya sufu, kamera ya kuazima na stendi yake ya miguu mitatu, usiku wa kwanza nikanywa kahawa nisije nikalala, saa sita usiku nikatoka nje ya hoteli nikakuta jua lipo pale linaniangalia kama saa kumi jioni, watu wanakimbia mazoezi wamevaa kaptula, mzee mmoja anakata majani kwake. Nikarudi ndani nikamuuliza dada wa mapokezi taa zinawaka saa ngapi. Masikini wala hakucheka, akaniuliza tu unaondoka lini, nikamwambia Ijumaa, akasema ungeweza kukaa mpaka mwezi wa tisa ungeziona.

Sasa Mhariri, Tromsø iko digrii 69 kaskazini, imeshapita mstari wa Aktiki zamani. Kuanzia kama tarehe 20 Mei mpaka 22 Julai hivi jua halizami kabisa, linazunguka tu angani kama mtu anayetafuta funguo. Nordkapp ni zaidi, pale linaacha kuzama katikati ya Mei na linaanza tena kuzama mwisho wa Julai. Na hizo wiki chache kabla na baada yake msidhani kuna giza la maana, kunakuwa na weupe weupe usiku kucha. Taa zenyewe zinaweza kuwepo hata wakati huo, maana zinatokana na chembe zinazorushwa na jua, usumaku wa dunia unazipeleka kuelekea nchani, zikigongana na hewa huko juu kilomita mia na zaidi ndo zinatoa mwanga, ile kijani ni oksijeni. Ila mchana huwezi kuziona, kama nyota tu, nani anaona nyota saa saba mchana? Kwa hiyo picha yenu ni ya kweli na mwezi wenu ni mzuri kweli, tatizo mmevioza na haviwezi kukaa nyumba moja.

Ndo maana kila anayeniuliza kuhusu Norwe, na wananiuliza sana siku hizi, kabla ya kuniambia habari ya tiketi au hoteli namuuliza kwanza, unataka mwanga au unataka giza? Ukishajibu hilo, mwezi unajichagua wenyewe, nguo zinajichagua, hata mji unajichagua. Usipojibu utafanya kama mimi, utabeba stendi ya kamera kilomita elfu kadhaa kwenda kupiga picha ya mzee anakata majani.

Tuseme unataka giza. Hapo ni kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa mpaka mwishoni mwa mwezi wa tatu. Watu wengi wanakimbilia Desemba kwa sababu ya Krismasi, sawa, ila mjue kwamba Tromsø kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, kunakuwa na masaa machache ya mwanga wa bluu bluu mchana halafu giza tena. Wengine wanaupenda huo ubluu, wengine siku ya tatu wanaanza kununa bila sababu. Mi mara ya pili nilienda mwezi wa pili na nitasema bila kupepesa macho kwamba huo ndo mwezi, jua limesharudi unatembea mchana unaona milima yenye theluji, usiku bado mrefu wa kutosha, na ukibahatika kuangukia wiki ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, ambayo inazunguka tarehe 6 Februari sikukuu yao ya taifa, unakuta mashindano ya mbio za paa wale wakubwa wa theluji, reindia, katikati ya barabara kuu ya mjini. Mnyama anavuta mtu aliyevaa ski, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, na kila mtu kando ya barabara anapiga kelele. Hiyo sikuwa nimeipanga hata kidogo na ndo kitu ninachokisimulia kuliko taa zenyewe.

Taa zenyewe sasa, asiwadanganye mtu, hakuna anayeweza kukuuzia taa. Anakuuzia usafiri wa kwenda kuzitafuta. Adui mkubwa ni mawingu, maana Tromsø ipo baharini na mawingu ya baharini yanakuja yanavyotaka. Madereva wanaobeba wageni wanaangalia utabiri jioni halafu wanaamua upande, mara nyingi wanakimbilia bara kule bonde la Skibotn karibu na mpaka wa Finland ambako anga linakuwa wazi zaidi, unaweza kukaa kwenye basi dogo masaa mawili kwenda na mawili kurudi na katikati umesimama kwenye theluji unakunywa supu ya pakiti. Mtu anayeenda usiku mmoja anacheza kamari. Mi nilikaa usiku tano, mbili za mwanzo mawingu matupu, ya tatu nikaona kama moshi wa kijivu nikasema ndo hii tu jamani?, ya nne likafunguka anga lote nikakaa nimeachama mpaka meno yakauma kwa baridi. Na hapo niongeze, kamera inaona kijani kuliko macho, kwa hiyo ukiona mwanzoni ni kijivu usikate tamaa.

Baridi nayo inaogopwa isivyo. Pwani ya Norwe ina maji ya bahari yenye joto kutoka kusini yanayoipasha, kwa hiyo Tromsø mwezi wa pili wastani unakuwa chini ya sifuri kidogo tu, digrii nne tano hivi, wakati bara kule Karasjok na Kautokeino ndo kuna mchezo mwingine, Karasjok ndo wanashikilia rekodi ya nchi, digrii 51.4 chini ya sifuri, hiyo ilikuwa 1886. Kinachomuua mgeni pwani ni kuvaa pamba. Pamba ikishika jasho inakuwa barafu mwilini. Vaa sufu nyepesi inayogusa ngozi, juu yake sweta, juu kabisa kitu kisichopitisha upepo wala maji, na buti kubwa kidogo ili soksi mbili ziingie bila kubana vidole. Koti la bei mbaya juu ya fulana ya pamba ni kujitesa kwa gharama.

Haya, tuseme wewe ni wa mwanga, kama wifi yangu ambaye watoto wake wanafunga shule mwezi wa saba na hana namna. Basi sahau taa, zifute kabisa kichwani, usije ukalipa hata senti ya kitu kinachoitwa safari ya taa mwezi huo, na ufurahie ambacho watu wa Februari hawakipati. Barabara za milimani zimefunguliwa, ile Trollstigen yenye kona 11 kwa mfano inafungwa msimu wote wa baridi, na hata kiangazi uangalie kwanza maana mawe yakianza kuporomoka wanaifunga. Maporomoko ya maji yamejaa kwa theluji iliyoyeyuka. Unaweza kupanda mlima saa mbili usiku na ukarudi bado unaona njia. Ila mjue na wenyewe Wanorwe wiki tatu za mwisho za Julai karibu nchi nzima iko likizo, kwa hiyo vyumba huko kwenye fiodi, zile ghuba ndefu nyembamba za bahari katikati ya milima, vinaisha mapema sana, halafu Geiranger ni kijiji cha watu kama 200 hivi, meli kubwa za watalii zikitia nanga inakuwa sokoni, kwa hiyo anayetaka utulivu aamke alfajiri au atafute fiodi nyingine, zipo nyingi.

Sasa turudi kwenye ratiba yenu ya siku nane, hii ndo iliyoniudhi kuliko hata picha.

Nani alipima hiyo ramani? Norwe ni nyembamba lakini ni ndefu kupita kiasi. Ukishika ncha yake ya kusini ukaizungusha, ncha ya kaskazini inaenda kugusa maeneo ya Roma. Oslo mpaka Nordkapp kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, na sio barabara za kukanyaga mafuta, nje ya miji spidi ya kawaida ni 80 na ukifika kwenye maji unasubiri pantoni. Treni Oslo mpaka Bergen peke yake ni kama masaa saba. Trondheim mpaka Bodø ni kilomita 729, masaa kumi hivi umekaa. Na hapo Bodø reli ya Norwe inaishia, hakuna treni ya Tromsø, haijawahi kuwepo, Narvik kuna reli ila inaingilia Sweden. Kwa hiyo msomaji wenu akifuata ile ratiba atalala kwenye viti vya uwanja wa ndege siku tatu kati ya nane. Mtu anayetaka kweli kuuona urefu wote wa nchi apande ile meli ya pwani ya Bergen mpaka Kirkenes, ipo tangu 1893, inagusa bandari 34 na kwenda na kurudi ni siku 12. Hiyo ndo hesabu ya ukweli ya Norwe nzima, siku 12 na hujashuka kupanda mlima hata mmoja.

Wifi nilimwandikia hivi, nanakili tu nilivyomtumia: Wifi chagua kanda moja. Mna siku tisa na watoto wawili, chukueni magharibi peke yake. Mkitua Gardermoen, uwanja wa ndege wa Oslo, kuna treni mbili za kwenda mjini, ile ya ekspresi na ile ya kawaida, zinapishana dakika chache tu lakini bei ni mbali, pandeni ya kawaida. Oslo siku mbili zinatosha, bustani ya Vigeland ina sanamu zaidi ya 200 na hailipiwi, mchana usiku ipo wazi, halafu lile jengo la Opera lililofunguliwa 2008 watoto wanapanda mpaka juu ya paa lake kwa miguu na hakuna anayewafokea. Makumbusho ya meli za Waviking msiyaweke kwenye hesabu, yamefungwa tangu 2022 yanajengwa upya, watu wanaendelea kuyapanga mpaka leo. Badala yake wapelekeni makumbusho ya Fram wakaone meli iliyosafiri bahari za barafu za kaskazini na za kusini mwa dunia, unaingia mpaka ndani yake.

Kisha treni ya Bergen, kaeni upande wenye dirisha zuri na mbebe chakula, njia inapanda mpaka Finse mita 1,222 ambako hata Julai unaweza kuona theluji, mnashuka Myrdal mnachukua kile kitreni cha Flåm, ni kilomita 20 tu lakini kinateremka kutoka mita 866 mpaka usawa wa bahari, kinasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen watu wanashuka kupiga picha wanalowa. Lala Flåm au jirani. Kesho yake boti ya Nærøyfjord mpaka Gudvangen, fiodi yenyewe nyembamba unahisi kuta za mlima zinakuja kukubana, hiyo na ya Geiranger ziliingizwa pamoja kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005 kwa hiyo mkiona moja roho itulie. Basi mpaka Voss, treni mpaka Bergen. Vipande vyote hivi vinauzwa pamoja kama kifurushi na vinauzwa kimoja kimoja, kaeni mpige hesabu kabla ya kulipa, na tiketi za treni za bei ya chini zinatoka mapema zinaisha mapema. Programu ya Entur kwenye simu inaonyesha treni, mabasi na boti za nchi nzima sehemu moja.

Bergen chukueni makoti ya mvua, sio mwavuli, upepo unaugeuza. Mji ule unanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka na wenyewe wanajisifia. Zile nyumba za mbao za Bryggen, kitreni cha Fløibanen cha tangu 1918 kinachopanda mlima kutokea katikati ya mji, jioni imeisha.

Halafu kama miguu inataka kazi, mnashuka Stavanger kwa basi, mnakwenda Preikestolen. Siku hizi kuna handaki chini ya bahari, kilomita 14.4, linashuka mpaka mita 292 chini ya usawa wa maji, basi linakupeleka moja kwa moja hakuna tena kusubiri pantoni. Kupanda ni kilomita nane kwenda na kurudi, masaa manne mpaka matano kwa mtu wa kawaida, mtoto wa wifi wa miaka 11 ataweza, huyo wa miaka saba sijui, anadeka. Juu pale ni jiwe tambarare mita 604 juu ya Lysefjord na hakuna uzio Mhariri, hakuna kamba, hakuna mlinzi, ni wewe na akili yako, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono. Trolltunga nimemkataza kabisa, ile ni kilomita 27 hivi masaa 10 mpaka 12, watu wanaona picha ya mtu amekaa kwenye ulimi wa jiwe wanadhani gari linafika. Wanorwe wana sheria zao za mlimani na moja inasema hakuna aibu kugeuza, na wanaifuata kweli, nimeona mababa wenye misuli wanageuza kwa sababu ya ukungu tu.

Kuhusu viza niseme kwa kifupi maana hapa ndo safari nyingi zinafia. Norwe haimo kwenye Umoja wa Ulaya ila imo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2001, kwa hiyo sisi tunaohitaji viza tunaomba ile ile ya Schengen, ada ni euro 90 mtu mzima na 45 mtoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12, ukikataliwa hairudi. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla, usisubiri wiki mbili za mwisho kwa sababu kawaida ni siku 15 lakini wanaweza kuchukua mpaka 45, na msimu wa kiangazi hata kupata tu nafasi ya kupeleka karatasi ni foleni. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Ukitaka kuunganisha na nchi nyingine ya huko unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi, sio kwa ile yenye foleni fupi, hapo wengi wananaswa. Na wakala wangu yule yule alitaka nilipe tiketi ya ndege isiyorudishika kabla ya viza, hilo nalo msomaji akatae. Mwenye ndoto za Svalbard, visiwa vya Norwe kule juu kabisa kwa dubu weupe, ajue Svalbard haimo Schengen, ukienda umetoka, kwa hiyo viza iwe ya kuingia mara mbili la sivyo unarudije.

Pesa yao ni krone, euro yako haina kazi dukani, na noti zenyewe hutazishika sana, kila kitu kadi hadi choo. Ni ghali, sitaki kusema uongo, bia moja baa ni kama krone 100 na kuendelea, mgahawa familia ya watu wanne ukikaa unasikia moyo unadunda. Lakini wenyeji nao hawali mgahawani kila siku, wanabeba mkate wao wenye jibini umefungwa kwenye karatasi, wanauita matpakke, mpaka bosi ofisini anakula hivyo hivyo. Nendeni maduka ya Kiwi au Rema 1000 mnunue mikate, samaki wa kopo, ile jibini ya kahawia yenye utamu wa karameli ambayo mtoto mmoja ataipenda na mwingine ataitema. Maji ya bombani ni safi kuliko ya chupa, anayenunua maji ya chupa Norwe anatupa hela. Na chupa tupu za soda msitupe, kuna mashine dukani inazila inakupa krone 2 kwa ndogo na 3 kwa kubwa, watoto wa wifi nitawapa kazi hiyo. Jumapili maduka makubwa yote yamefungwa, yanaruhusiwa tu yale madogo yasiyozidi mita 100 za mraba, kwa hiyo Jumamosi mnunue ya siku mbili. Bia dukani mwisho saa mbili usiku, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, ukifika dakika moja baadaye inafunikwa pazia na muuzaji hakuangalii usoni. Kaka yangu hili nimemwambia kwa simu maana kwa maandishi angesema hajaona.

Kwa wenye bajeti ya chini kabisa kuna kitu ambacho ukurasa wenu haukugusa na kilistahili ukurasa mzima. Kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea na kulala kwenye maeneo ya wazi ya asili bila kulipa. Unapiga hema lako mita 150 au zaidi kutoka nyumba ya mtu, usiku mbili sehemu moja mwisho, unaondoka unaacha kama ulivyokuta. Moto msituni marufuku kuanzia tarehe 15 Aprili mpaka 15 Septemba. Basi. Nilikutana na wanafunzi wawili walizunguka hivyo wiki tatu wakila tambi na samaki waliovua baharini. Na chama chao cha wapanda milima, DNT, kipo tangu 1868, kina vibanda zaidi ya 500 milimani, vingine havina mhudumu kabisa, unafungua kwa ufunguo wa wanachama, unachukua chakula kwenye kabati, unaandika ulichokula na unalipa mwenyewe. Mara ya kwanza kukiona nilikaa nikikodolea macho lile kabati la makopo kwa muda.

Gari la kukodi sina mengi. Taa ziwake mchana kutwa, pombe kiwango chao ni 0.2 kwa elfu ambayo ni kama kusema usinywe, ushuru wa barabara unapigwa picha na kamera bili inakufuata baadaye kupitia kampuni ya gari. Mkipewa la umeme msishangae, mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme. Na mkipita Lærdal, lile handaki ni kilomita 24.5, refu kuliko yote ya magari duniani, ndani wameweka kumbi tatu zenye taa za bluu ili dereva asisinzie, watoto wataomba mrudi tena, msirudi.

Sasa ombi langu Mhariri. Wifi keshaelewa, kafuta Tromsø na Lofoten, karatasi za viza anaanza kukusanya wiki hii. Kaka yangu ndo kagoma. Anasema gazeti limeandika Nordkapp na yeye anaenda Nordkapp kusimama mwisho wa Ulaya. Nimemweleza kwamba ile ncha ya mita 307 yenye mpira wa chuma hata siyo mwisho wenyewe, pembeni yake kuna ulimi wa ardhi unaitwa Knivskjellodden umeenda kaskazini zaidi kwa kama kilomita moja na nusu, na hata huko kote ni kisiwani, siyo bara. Hakuna kitu. Mimi hanisikii, anawasikia ninyi. Anataka kulipia ndege ya ndani Jumatatu ijayo, kwa hiyo kama mna nafasi kwenye toleo la Jumamosi naomba muandike hata mistari minne tu chini ya ukurasa ule ule, kwamba taa ni za majira ya baridi na siku nane hazifiki Nordkapp kwa starehe. Picha mnaweza kuirudia, ni nzuri, ila safari hii muandike mwezi iliyopigwa.

Ni mimi,
Msomaji wenu na wifi wa mtu